Siku Nane za Bi Fundi

Katika mji wetu wa Ibra, huku Omani, miaka ile palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua Mayahudi huwapa vipi watoto wao zawadi za sikukuu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza. Alitwambia bila ya kuulizwa. Alitwambia akipima, akikata, akitia uzi sindanoni, na akiwa na pini mdomoni alitwambia kwa pua. Ukienda kwake kushona gauni la harusi ulirudi na gauni, pamoja na darsa juu ya watoto wa Nairobi ambao huwajui, hutowajua, na wala hukuwa na haja nao.

Sie tulimwita Bi Fundi. Jina analo, alipewa na wazee wake kama watu wote, lakini miaka yote tuliyokaa ukuta kwa ukuta sikumsikia mtu akilitumia, na nikilitumia leo nitaona kama namsema mtu mwingine. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, miwani yake kaifunga kwa uzi mweusi kisogoni. Kanga yake ya kifuani ilichomekwa pini na sindano kila mahali, na mtoto aliyetaka kumkumbatia alimzunguka kwanza akitafuta pa kupitia.

Alikuwa mtu wa bara. Hili nalisema mapema kwa sababu sie wa Unguja tulilisema kila siku. Mtu wa Unguja aliyerudi Omani mwanzoni mwa miaka ya sabini alikuja na vitu viwili: sanduku moja la nguo, na habari za nyumba ya ghorofa aliyoiacha. Wallahi, ungezikusanya ghorofa zote zilizotajwa kwenye baraza za Ibra, Mji Mkongwe usingekuwa na pa kuziweka. Bi Fundi hakuacha ghorofa. Aliacha chumba kimoja Nairobi, na cherehani yake akaja nayo. Kiswahili chake kilitutia kicheko: "Leta hii kitambaa," "Iko wapi mkasi yangu?" Tukicheka mpaka tukishika mbavu, sie ambao watoto wetu walikuwa hawajui tena kusema "kiti kimevunjika" bila ya kuchanganya Kiarabu katikati.

Na alikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni, nalo halikuwa siri. Alikuwa na mdogo wake mji wa Sur, huko pwani, ndugu yake wa pekee aliyebaki duniani, na mdogo wake huyo hawakuwa wakisemezana. Kila alichokifanya Bi Fundi Ibra, ukikikuna kidogo, chini yake ulikuta Sur. Alitaka mlango wa Sur ufunguliwe kabla hajafa. Hakutaka kitu kingine, na alitwambia hivyo bila ya haya, kama mtu anayekwambia anataka glasi ya maji.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa karatasi. Ndiyo, karatasi, usidhani nimekosea. Mdogo wake alitangulia kuja Omani na mjomba wao, akaposwa Sur, akaolewa, na Bi Fundi wakati huo bado yuko Nairobi anashona. Akampelekea zawadi ya harusi kwa mkono wa msafiri. Sie kwetu zawadi ya harusi huifungi. Unaiweka juu ya sinia wazi, ili macho ya watu yale yashibe, na aliyeleta kidogo aone haya. Lakini Bi Fundi alishajifunza mengine. Alikuwa na karatasi ya kufungia zawadi, ya buluu, inayong'ara, imejaa nyota za fedha, aliyopewa na mmoja wa mabibi wa Kiyahudi aliowashonea Nairobi, sikukuu yao ilipokwisha. Aliitunza chini ya godoro miaka miwili. Aliipiga pasi! Akaona kwa ndugu yake wa pekee hapana karatasi nyingine inayofaa.

Basi lile boksi lilipofika Sur, wanawake wa upande wa bwana harusi waliliweka katikati ya sinia kwa sababu lilikuwa zuri kuliko vyote. Watu wakalisifu kutwa nzima. Mpaka akaja shemeji mmoja aliyewahi kufanya kazi Kuweti, akazihesabu zile pembe za nyota: sita, nyota ya Mayahudi. Na mwaka ule redio zote za Waarabu zilikuwa zikipiga kelele za vita asubuhi mpaka jioni. Lo! Boksi likatolewa nje na mtu mzima aliyelishika kwa ncha za vidole, kama anayetoa panya. Hakuna aliyelifungua. Bibi harusi, tuliambiwa, alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni.

Bi Fundi aliandika barua mbili, hazikujibiwa. Alipokuja Omani alikwenda Sur moja kwa moja, akaambiwa mlangoni kwamba mwenyewe hayupo. Na alikuwapo, maana alimsikia akimbembeleza mtoto ndani. Ndipo akageuza, akaja Ibra kwa jamaa wa mbali waliompa chumba, akatandika mkeka, akafungua cherehani, akaanza kutusomesha.

Sasa hayo masomo. Huko Nairobi alikuwa fundi wa kwenda majumbani, siku hii kwa huyu, siku ile kwa yule, na katika wateja wake zilikuwamo nyumba tatu za Kiyahudi. Kwanza alitaka tuelewe kwamba sikukuu yao hiyo ni ya wakati wa baridi.

"Baridi gani Nairobi mwezi wa Disemba?" nikamuuliza. "Si jua linawaka?"

"Jua kali. Watoto wako nje na mpira wa maji, wamelowa chapa. Lakini wao asili yao baridi. Sikukuu imekuja na wao vile sisi tumekuja na biriani."

Ni siku nane. Kila jioni wanawasha mshumaa, wa leo mmoja, wa kesho miwili, mpaka inatimia minane, na ule wa kuwashia mbali. Wanafuata mwezi kama sie, kwa hiyo kila mwaka sikukuu inapanda na kushuka, na wao nao wanaulizana, mwaka huu lini? Na wanakula vya kukaanga, kwa kuwa sikukuu yenyewe ni ya kukumbuka mafuta. Kulikuwa na maandazi ya duara yenye jemu ndani. Akifika kwenye yale maandazi Bi Fundi alisimamisha cherehani. Gauni langu la Idi lilichelewa siku mbili kwa sababu ya maandazi ya mtu mwingine.

Zile nyumba tatu, kwa maelezo yake, hazikupatana hata kidogo juu ya zawadi. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi kizee aliyeshika ya zamani. Yeye alitoa sarafu, basi. Kila mjukuu sarafu zake, na pale kabatini pana kopo la masikini, na mtoto haondoki mpaka atie kitu humo. Akiulizwa habari ya midoli na makaratasi, bibi kizee alisema hayo ni ya Krismasi, na yeye si Mkristo. Bi Fundi alimshonea vifuko vya kutilia hizo sarafu, vya mahameli, na kila mwaka bibi kizee alilalamika kuwa vimekuwa vikubwa.

Nyumba ya pili ilikuwa na mama wa watoto watano. Yeye alitoa kila jioni kitu kidogo. Soksi. Penseli. Kitabu. Gauni la mtoto wa bandia, alilolishona Bi Fundi kwa vipande vilivyobaki. Na jioni moja katika zile nane watoto hawapewi kitu: wao ndio wanaotoa. Kila mmoja anachagua katika vitu vyake mwenyewe, kizima, si kibovu, kinapelekwa kwa asiyekuwa nacho.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya tajiri. Jirani yao Mkristo alikuwa na mti wa Krismasi unaogusa dari, na yule mama aliona wanawe watakufa kwa kijicho. Akanunua baiskeli, akanunua gari la kukanyaga, akanunua mtoto wa bandia anayelia. Mpaka jioni ya tatu hana tena cha kutoa, na watoto wameshiba vitu wanalia.

"Sasa nani alikuwa sawa?" nikamuuliza siku moja, ili amalize.

"Walikuwa wanasemana! Yule mzee anamsema mwenye baiskeli, mwenye baiskeli anamsema mwenye soksi ati ni bahili, mwenye soksi anasema hao wengine hawajui kulea. Nikienda kila nyumba ninasikia habari ya nyumba ingine."

Hapo, nikiri, kwa mara ya kwanza nikawaona wale watu ni watu.

Kulikuwa na waliokasirika, bila shaka. Wifi yangu, dada wa mume wangu, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona Myahudi wala kumsoma, alimkabili siku moja mbele ya wateja: "Bi Fundi, wewe kila siku unatusifia Mayahudi. Husikii redio?"

"Nimemsifu nani?" Bi Fundi akamjibu bila ya kuinua macho. "Nimesema mama mmoja amempa mtoto wake soksi. Redio imesema soksi ni mbaya?"

Wifi alichukua kitambaa chake akaenda zake. Baada ya wiki akakirudisha, maana hakukuwa na fundi mwingine Ibra aliyejua kukata bega.

Na sie wenyewe tulikuwa tukipeana vipi? Usiniulize, ila nitakwambia. Nilimpa mtu seti ya glasi za chai harusini, glasi sita zenye mstari wa dhahabu. Moja nilikuwa nimeitia alama ya rangi ya kucha chini, kwa sababu niliiona ina ufa nikaogopa kuja kusingiziwa. Miaka miwili baadaye nilijifungua, nikaletewa glasi za chai. Nikapindua. Rangi ya kucha ile, inanitazama. Zilikuwa zimezunguka Ibra nzima, zimefika mji wa Nizwa kwa ushahidi wa kipande cha karatasi ya duka la huko zilichofungiwa, na zimerudi salama. Hakuna hata mtu mmoja aliyekunywa chai.

Nilipomhadithia Bi Fundi alicheka mpaka akajichoma sindano. Halafu akasema, uso umekaa sawa, kwamba sie tunatoa ili tuonekane, na zawadi ya hivyo haina pa kukaa, lazima itembee. Nikanuna. Mtu wa bara ananifundisha mie!

Lakini sumu ilishanitambaa. Idi moja alipata ruhusa yangu, na ujinga ulikuwa wangu, awafundishe watoto wa mtaa wetu ile jioni ya kutoa. Alisema: siku ya kwanza pokeeni pesa za mkono wa Idi, siku ya pili chezeni, siku ya tatu kila mmoja achague kitu chake kizima ampe mwenziwe asiyekuwa nacho. Nikaona vizuri, mwanangu atatoa kalamu. Mwanangu wa kike, miaka saba, alivua hereni za dhahabu alizoletewa na bibi yake, akampa mtoto wa mgawa maji wa falaji, ule mfereji wa mashambani.

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, ndiye aliyezileta zile hereni. We! Alikuja kwangu kanga inaburuzika. Alinisema mie, akamsema mume wangu, akawasema Mayahudi wa Nairobi mmoja mmoja, kisha akamwendea Bi Fundi.

"Zirudishe hereni za mjukuu wangu."

"Si mimi nimetoa, mama. Mjukuu wako ametoa. Nenda uchukue, nyumba ile pale, mlango wa bati. Mtoto amevaa."

Mavyaa akatoka kwa kishindo. Tukasimama mlangoni tukingoja, roho juu. Alikaa huko muda wa kunywa kahawa vikombe viwili. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu, hakutazama mtu, akapita moja kwa moja. Mpaka leo sijui aliona nini nyuma ya ule mlango wa bati, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Usidhani Bi Fundi alikuwa malaika. Aliyehubiri kutoa kidogo kidogo, kwenye chai alitia sukari vijiko vitano kwa mpigo. Alisema mtoaji asingoje shukrani, na ukipita mbele ya mlango wake hukuvaa gauni alilokushonea alikununia siku tatu. Uzi hakukopesha. Sindano alikuazima kwa kiapo. Aliwaambia watoto wasiombe, na yeye akiona kipande cha hariri mkononi mwako, hata kama umekuja kutoa pole, alikitazama mpaka umpe. Soko la wanawake la Jumatano lilipoanza, alipata pahala akawa anauza nguo za watoto, na wateja aliowafukuza ni wengi kuliko aliowauzia. "Wewe huna mtoto wa saizi hii," alimwambia mmoja mbele yangu, "unataka kwenda kumpa mtu ili akusifu. Nenda."

Na kila Disemba alikuwa na Sur yake.

Alikuwa ameipanga hesabu hivi: kosa lake lilikuwa kutoa kwa mara moja, kitu kikubwa, kwa karatasi ya kung'ara. Sasa atatoa kama mama wa soksi. Siku nane mfululizo, kitu kidogo kila siku, kimefungwa kwa kitambaa cheupe tupu kisicho hata ua. Siku ya kwanza kidogo kabisa, leso ya mkononi. Siku ya pili kofia ya mtoto. Akipanda hivyo mpaka siku ya nane, gauni zima. Moyo wa mtu, alisema, ukiugonga kwa nguvu unajifunga. Ugonge polepole siku nane, hata kama hataki atauliza nani huyo.

Kulikuwa na dereva wa pikapu aliyekwenda Sur asubuhi na kurudi siku ya pili yake, na mwenziwe akienda siku anayorudi yeye. Alimpa huyu leo, yule kesho. Na vifurushi vilirudi kama vilivyokwenda, fundo halijaguswa.

"Wamekataa," dereva alisema.

"Nani amekataa?"

"Wenyewe."

Hakuuliza zaidi. Alikipokea kifurushi, akamshukuru, akampa cha kesho.

Mwaka wa kwanza tulimwonea huruma. Wa pili tukamcheka. Wa nne nikamwambia kwamba ule si utoaji wa zawadi tena, ule ni uzingiraji wa ngome. Vilivyorudi alivigawa mtaani, na hivyo nusu ya watoto wa mtaa wetu walivaa nguo zilizokatwa kwa mtoto wa Sur wasiyemjua. Maana kwa dereva alishapata habari kwamba mdogo wake ana mtoto wa kike mmoja, na kila mwaka alikata kwa kukisia. "Mwaka huu ana sita, watoto wetu wanarefuka miguu kwanza." Hajawahi kumwona, na alikuwa akibishana na nafsi yake juu ya urefu wa mkono wake. Siku ile niliyomkuta akibishana hivyo nilirudi kwangu nikalia. Mie, ambaye nilikuwa nimekwenda kumchokoza.

Mwaka wa saba nikamwambia wazi: "Bi Fundi, hao Mayahudi wako siku nane zikisha zimekwisha. Wewe unaendelea miaka saba. Hawakutaki. Acha, usijidhalilishe."

"Kwani wao mwaka ujao hawafanyi tena?" akanijibu, na akakata uzi kwa meno.

Alipeleka wa nane. Akapeleka wa tisa. Vifurushi sabini na viwili, nilivihesabu mwenyewe kwa ubaya wangu, nipate cha kumtania nacho. Baada ya wa tisa, kabla joto halijaingia, dereva alikuja na habari tupu: shemeji yake wa Sur, mume wa mdogo wake, amefariki.

Wakati huo nilishapata leseni, mmoja wa wanawake wa mwanzo mtaani kwetu, na mume wangu alishaacha kufumba macho nikiendesha. Asubuhi ya pili nikampakia Bi Fundi. Msibani hakupelekwi zawadi, kwa hiyo alichukua kahawa na sukari kama kila mtu. Njia nzima mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kushika. Tulipopita mji wa Kamil akaniambia nisimamishe gari, akashuka, akajifunga kanga upya, akapanda. "Twende," alisema.

Mdogo wake alikuwa katika eda, amekaa chumba cha ndani na wanawake wawili watatu. Wanafanana, mtu asingeuliza. Alipomwona alisimama, akamkumbatia, pini na zote, wakalia kwa sauti mpaka wale wanawake wakaona watupishe. Mtoto wa kike akaingia na kahawa, mrefu wa miguu. Bi Fundi alimtazama mara moja tu, kisha akatazama chini.

Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

"Leo ndiyo umeona njia?" mdogo wake akasema, akijifuta macho. "Mpaka mume wangu amekufa? Miaka tisa uko Ibra, Dada. Mwendo wa asubuhi moja. Hata pipi? Hata uzi? Hii mtoto haijui kama ina mama mkubwa."

Bi Fundi aliinua kichwa polepole.

"Mimi nilikuwa ninauliza," akaendelea. "Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa anakaa pale nje mlangoni, kila kitu inayokuja hii nyumba ni yeye anapokea. Kila mwaka ninamuuliza: hakuna kitu kutoka kwa dada yangu? Ananiambia: hakuna. Amekusahau, achana naye. Na alikuwa ananionea huruma, maskini. Anatoka anakwenda kuninunulia halwa, nisilie."

Mie nikaelewa, na nilipoelewa damu ilinipanda kichwani. Yule bwana! Miaka tisa kakaa barazani, akipokea kifurushi kwa mkono huu na kukirudisha kwa mkono ule, kisha anakwenda kununua halwa! Nikafungua mdomo. Ibra nzima itakwambia mdomo wangu ukishafunguka haurudi bure. Lakini Bi Fundi alinishika paja, akalifinya kwa vidole vile vya fundi, machozi yakanitoka kwa maumivu.

"Ni kweli," akasema. "Nilikusahau."

"Miaka tisa?"

"Kazi ilikuwa mingi."

"Na kama ni ile karatasi, unafikiri mimi nilikasirika? Hao ndio walikasirika. Mimi nililia kwa sababu hukuwapo. Ile karatasi nilitaka kucheka, nikakosa mtu wa kucheka na yeye. Nilikuwa ninakungoja uje tucheke. Tisa, Dada!"

"Nisamehe."

"Bahili wewe!"

"Ndiyo. Bahili."

Akasemwa mpaka adhana ya adhuhuri. Akaitwa mtu asiye na ndugu, akaitwa moyo wa jiwe, na kila aliposemwa alitikisa kichwa, akakubali, na kusogea karibu kidogo juu ya mkeka, mpaka magoti yao yakagusana.

Tulipotoka uani kunawa kwa ajili ya chakula nilimshika mkono. "Kwa nini humwambii? Neno moja tu! Dereva yupo, mie nipo, mtaa mzima shahidi!"

Akaendelea kunawa. "Mume wake amekufa juzi," alisema. "Huyu mwanamke amebaki na nini hapa ndani? Amebaki na mtu mwema aliyekuwa anamnunulia halwa. Sasa mimi nimwondolee?"

"Na wewe je?"

"Mimi niko hai. Atanisema mpaka achoke."

Hakurudi na mie. Ilikubaliwa abaki mpaka eda iishe, na cherehani ifuatwe na pikapu. Mdogo wake, kwa kuwa hatoki, alinisindikiza mpaka mlango wa ndani tu, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumletea ndugu yake. Kisha akashusha sauti, kama anayeniomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima.

"Mumvumilie huko Ibra," akaniambia. "Dada yangu ni mtu mzuri, lakini mkono wake ni mzito kutoa. Tangu utoto."

Nyuma yake, juu ya mkeka, Bi Fundi alikuwa anakula samaki kwa vidole, amekaa raha mustarehe, na alinitazama juu ya miwani.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Hata sie majirani tunamjua hivyo."